Siku Tatu Kabla ya Kuvunjika

Hapo zamani za kale, na wewe wa nyuma acha kutafuna muwa nikisema, wanyama walikuwa na bima yao. Kila mavuno, kila nyumba ilipeleka debe la karanga kwa Kiboko, mwenyekiti. Ukiugua, bima inalipa hospitali. Ndivyo walivyokubaliana.

Basi Bi Somoe, mama yake Pimbi, akateleza mwambani. Puu! Mguu ukavunjika. Daktari Korongo akamfunga plasta, akamlaza, akamtibu mpaka akapata nafuu. Lakini siku ya kurudi nyumbani, Korongo akasimama mlangoni.

"Pole, mama. Bima imekataa kulipa. Hutoki hapa mpaka walipe."

Bi Somoe akaangua kilio. Pimbi, yule mdogo asiyefika hata gotini kwa Kiboko, akatimua mbio mpaka ofisini.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Una shida gani?"

"Mbona mmekataa kumlipia mama?"

Kiboko akapiga mwayo, aaah! "Kanuni ya kumi na tisa. Mgonjwa atoe taarifa siku tatu kabla, igongwe muhuri. Mama yako alitoa?"

"Mzee wangu, angejuaje kwamba ataanguka?"

"Hayo yake. Mimi nataka taarifa."

Jamani! Mimi ningemtukana palepale. Pimbi hakutukana. Aliuliza kwa adabu, "Na mtu akileta taarifa mapema, utamgongea?"

"Kwa nini nisimgongee? Na nagonga mwenyewe. Muhuri huu simwachii mtu!" Kweli hakumwachia mtu, hata kuoga alioga nao shingoni.

"Ahsante, Mzee," akasema Pimbi, akatoka, akapita nyumba kwa nyumba akinong'ona.

Kesho yake asubuhi foleni ilianzia mlangoni kwa Kiboko ikafika mtoni.

"Natoa taarifa," akasema Twiga. "Huenda mtondo, siku ya tatu kutoka leo, shingo ikaniuma."

Ga! Muhuri.

"Mimi huenda nikakwamwa na mfupa," akasema Fisi.

Ga!

"Mimi na wanangu kumi na wanane, mafua," akasema Kanga. "Kila mtoto na karatasi yake, Mzee, tusije tukakataliwa."

Ga! Ga! Ga! Ga!

Keshokutwa yake wakarudi wote, maana nani ajuaye ataugua siku gani? Kiboko hakupata nafasi ya kula, wala ya kuingia majini. Ngozi ikamkauka, macho yakamtoka. Siku ya nne akainua muhuri, ga! ... kha! Mkono ukateguka.

"Mama yangu, nakufa! Nipelekeni kwa Korongo!"

Wakamkokota hadi hospitali, huku Pimbi akisukuma kwa nyuma kwa bidii zote. Korongo akaupapasa mkono.

"Umeteguka. Analipa nani?"

"Bima!"

"Haya. Nipe taarifa yako ya siku tatu kabla."

Twiga akageuka pembeni asionekane anacheka.

Bi Somoe akajisogeza kitandani mwake, akapangusa godoro la jirani kwa kanga yake. "Karibu, mwanangu, ulale hapa. Uji wao hauna sukari, lakini utazoea."

Kiboko akalitazama godoro. Akamtazama Bi Somoe. Jasho likamtiririka.

"Futeni kanuni hiyo!" akanguruma. "Na huyu mama alipiwe leo hii! Leteni karatasi!"

Karatasi ikaletwa, lakini mkono haukuinuka. Akahema, akauvua muhuri shingoni, akamkabidhi Pimbi. Pimbi akaukumbatia kwa mikono miwili, maana ulikuwa mzito, akaruka nao juu.

Ga!

Mchana huohuo Bi Somoe alikuwa kwake mwambani, anaota jua, anatafuna karanga na mwanawe, anacheka mpaka plasta inatikisika. Hadithi yangu naitua hapo, mzigo sasa ni wenu.

Nanyi mkiwa wakubwa, msitunge sheria ya kumbana mgonjwa mkasahau kwamba nanyi mna mifupa.