Bonge Hulala, Unga Huchemka

"Bonge hulala, unga huchemka." Mmeisikia kwa mama yenu asubuhi, alipolikata shamba vipande na kumpa kila mmoja wenu chake alime, na sasa mnaniuliza nani aliitunga. Wajukuu zangu, hakuitunga mtu. Ilitungwa na yai. Chanzo chake ni hiki.

Kichokaani walikaa wachoma chokaa. Waliyachoma mawe ya matumbawe tanurini hadi yakatoka meupe, makavu, yenye kiu. Chokaa hiyo ukiimwagia maji hutoa joto lake yenyewe, bila kuni. Na siku ya kufungua tanuri ilikuwa mwiko kuwasha moto kijijini; tanuri limechoka, lipumzike. Watu walishindia viporo.

Mwenye tanuri, Mzee Kombo, alipofariki, mjane wake Mwanakheri na shemeji yake Makame waliligombea. Mwanakheri alikuwa amelichochea maisha yake yote ya ndoa. Akishindwa, angerudi kwa kaka zake mikono mitupu. Wazee wakaamua: siku ya kufungua, kila mmoja apewe yai, na chokaa ya uzito mmoja. Atakayetangulia kula yai lililoiva, tanuri ni lake.

Makame akachagua bonge moja kama kichwa cha ndama. Kichokaani bonge kubwa ndiyo heshima ya mchomaji. Vumbi lilitupwa chooni. Mwanakheri naye akajifunga kanga usoni, akayatia mawe yake kwenye kinu, akayatwanga hadi yakawa unga.

"Shemeji," Makame akacheka, "hiyo chokaa au mpunga? Hebu tupepetee na chuya!"

"Wewe twanga kwa mdomo, shemeji. Mimi natumia mchi."

Kila mmoja akaweka chokaa yake ndani ya chungu kikubwa, na katikati kijungu chenye maji na yai. Wakamwagia chokaa maji.

Bonge la Makame likanywa, likatoa sauti ya paka anayeota, basi. Chungu cha Mwanakheri kikanguruma! Mvuke ukapanda, ukaing'oa kofia ya Mzee Vuai, mmoja wa wazee waamuzi, na nawaapia, iliokotwa juu ya paa la msikiti. Kijungu kikatokota. Kuku aliyetaga yai lile alipita, akatazama, akakimbia.

Mwanakheri akalimenya yai, kiini kimeshikana, akalila mbele ya wazee bila hata chumvi. Makame kwa pupa akalipasua lake. Likamchuruzika hadi kwenye kiwiko.

"Umeniroga!"

"Nikuroge kwa lipi? Joto lako na langu lilikuwa sawa, shemeji. Lako umelifungia ndani ya jiwe, maji yanabisha hodi ukutani tu. Langu nimelifungulia kila mlango, maji yakaingia kote kwa mara moja."

Vigelegele vikapasuka. Wanawake wakambeba Mwanakheri juujuu hadi kwenye mdomo wa tanuri, wakamkalisha kama malkia. Walipokuwa bado wanacheza, bonge la Makame nalo likapasuka, likaanza kufoka kwa hasira zote.

"Tazameni! Bonge langu nalo linachemka!" Makame akapiga kelele.

Mzee Vuai, kichwa wazi, akamjibu, "Tumeona, bwana. Lakini tanuri lina mwenyewe." Kisha akaugeukia umati, akasema kwa sauti ambayo Kichokaani hawajaisahau: "Bonge hulala, unga huchemka!"