Mchezo wa Kibuyu Katika Mwaka wa Mashavu

— Nina ngano mkononi.
— Ifungue tuione.
— Ina mashavu mawili.
— Na yajae.
— Yakijaa, nani atajibu?
— Asiye na kitu kinywani.

Basi tegeni masikio.

Hapo kale, katika msitu ulio ng'ambo ya mto Lugome, yaliingia matubwitubwi. Yalianza kwa tumbili mmoja tarehe mbili Mfungo Sita, na kabla mwezi haujapevuka yalikuwa yameenea bonde zima. Leo shavu moja, kesho mashavu mawili, keshokutwa homa. Wanyama wakaogopa hata kupiga mwayo mbele ya wenzao, na mwaka ule ukaitwa Mwaka wa Mashavu.

Bibi Ndovu, aliyekuwa mtawala wa msitu, alitoa amri. Ngoma zisichezwe. Mto usinywewe kwa makundi. Mnyama asimkaribie mwenziwe ila kwa urefu wa chatu mmoja. Na Chatu mwenyewe akanyooshwa huku na huku kwa kupimia, hata akalalamika kwamba mgongo wake si kamba ya fundi. Tena, atakayevimba shavu apelekwe Pango la Karantini, akae humo mpaka mwezi uandame.

Ilipoulizwa ni nani atakayewapeleka wagonjwa pangoni, awafungie jiwe na kuwapokelea chakula cha jamaa zao, wote walitazama chini. Fisi peke yake alitazama juu. Alisema ataifanya kazi hiyo kwa moyo safi, wala hataki ujira. Hapo ndipo ilipofaa kumshuku, lakini hofu ilikuwa imekwisha kula akili za watu. Fisi akawa Bwana Mkaguzi.

Sasa, katika msitu huo aliishi Buku, yule panya mkubwa mwenye macho hafifu na pua kali, ambaye Mungu alimjalia mifuko miwili ndani ya mashavu ya kubebea chakula. Miaka yote mifuko hiyo ilikuwa fahari yake. Mwaka huo ikawa msiba wake. Akitia korosho mbili tu, majirani hukimbia. Kwa hiyo alijizoeza kutembea na mashavu matupu, akibeba punje moja moja mkononi, na kila asubuhi alijitazama katika maji ya kijito, shavu hili, kisha shavu hili, ndipo athubutu kutoka.

Buku alikuwa na marafiki wawili. Wa kwanza ni Bi Kobe, mtu mzima, mwenye maneno machache na fikra nyingi. Wa pili ni Digidigi, binti mwembamba anayeshtuka hata kivuli chake kikijinyoosha. Zamani walikutana kila jioni kwa mazungumzo. Amri ilipotoka kila mmoja akajifungia kwake, na Digidigi, aliyezoea kulala akisikia sauti za wenzake, hakulala tena.

Bi Kobe ndiye aliyebuni mchezo. Mmoja huamka mapema akaficha kibuyu chenye mdomo mpana mahali pa siri, akaacha alama njiani: jiwe juu ya jiwe, jani lililokunjwa, mkwaruzo kwenye gome la mti. Wenziwe hutafuta, kila mmoja kwa urefu wake wa chatu, naye aliyeficha hufuata nyuma akiwacheka. Ndani ya kibuyu mna gamba la konokono, mbegu nyekundu za mtipitipi, na mengineyo ya kupendeza. Na sheria ni moja: chukua kimoja, acha kimoja.

Basi kila walipotoka, Buku akanusa, fnu, fnu, fnu. Digidigi akasikiliza, ndii. Bi Kobe akafuata, pole pole. Kizibo kikalia, tok. Wakafurahi, kila mmoja mahali pake, na Digidigi akaanza kupata usingizi.

Ikawa Jumatatu, tarehe kumi na moja Mfungo Nane. Buku akanusa, fnu, fnu, fnu. Digidigi akasikiliza, ndii. Bi Kobe akafuata, pole pole. Tok. Digidigi alichukua unyoya wa kanga, akaacha ua la mkwaju. Kisha akajipumzisha kivulini na, kama ilivyo desturi ya ukoo wake, akaanza kucheua. Shavu lake la kushoto likatuna.

Kwata, kwata, kwata. Fisi akatokea.

"Shavu hilo," akasema.

Digidigi akameza kwa woga, na shavu likanywea. "Nacheua tu, Bwana Mkaguzi."

"Lilikuwa limevimba. Liko wapi sasa?"

"Nimemeza, bwana."

"Unaona? Uvimbe umeshuka kooni. Ukishuka kooni ndio hatari zaidi."

Akamwongoza mbele yake. Bi Kobe alikuwa amekwisha kuingia nyumbani mwake, yaani gambani. Buku alisimama palepale, mashavu matupu na kinywa kitupu. Neno alilolitaka halikuja, akabaki kuutazama unyoya wa kanga ulioanguka njiani.

Jioni hiyo alizunguka nyuma ya pango, penye ufa usiopitisha kitu ila pua ya panya. Digidigi akamnong'oneza kutoka gizani kwamba juzi, kabla hajaletwa, walikuwamo wanne, naye amemkuta Nungunungu mzee peke yake. Wengine Mkaguzi aliwaambia wajomba zao wamekuja kuwachukua. Wakatoka, na hakuna aliyesikia sauti ya mjomba.

"Na wewe?" Buku akauliza.

"Mimi amesema wajomba zangu watakuja Alhamisi." Akasogeza pua karibu na ufa. "Kaka Buku, mama yangu hakuwa na kaka."

Buku akauliza tena kwa nini Nungunungu yeye haitwi. Mzee akajibu kutoka pembeni kwamba mtu mwenye miiba mgongoni hana wajomba.

Buku alirudi kwa Bi Kobe, akamweleza yote. Bi Kobe akapendekeza waende kwa Bibi Ndovu. Buku akasema Bibi atamwuliza Fisi, na Fisi atataja wajomba. Kisha Fisi ataomba kukagua mashavu ya mshitaki, na mashavu yenyewe ndiyo haya. Neno la panya mbele ya neno la mkaguzi ni jani mbele ya mbuzi. Bi Kobe akaingiza kichwa ndani, akakaa huko kitambo kirefu, kisha akakitoa.

"Mwenye njaa haitiwi mara mbili," akasema. "Tumchezeshe kibuyu."

Siku ya Jumanne walikwenda bondeni alikokufa nyati mwaka wa ukame, wakachagua vifundo viwili vya mifupa, vinene, vyenye uboho. Bi Kobe akavibeba mgongoni. Walitafuta buyu la kuvitosha, wakaliweka juu ya jiwe lililo katikati ya kivuko, penye maji mengi kulia na kushoto. Na hapo ndipo Bibi Ndovu hushuka kuoga kila alasiri, jua likigusa vichwa vya mikindu.

Jumatano mchana Buku akaenda pangoni na mganda wa majani kwa ajili ya mgonjwa. Fisi akaupokea, akaukalia. Buku akasema kwa unyenyekevu kwamba amekuja kuomba ulinzi. Lipo buyu lililofichwa kwa ajili ya mchezo, na anachelea wahuni wataliiba. Mahali penyewe hapajui, maana aliyeficha ni Bi Kobe; anachojua ni kwamba alama ya kwanza ipo kwenye mvule ulioanguka.

"Lina nini?" akauliza Fisi, akipiga mwayo.

"Vifundo vya nyati, Bwana Mkaguzi."

Mwayo ukakatika. "Vingapi?"

"Viwili. Lakini sheria yetu, chukua kimoja, acha kimoja."

Fisi akasema jambo hilo ni zito, linahitaji kukaguliwa, na akamwamuru Buku aende nyumbani. Buku akaondoka, akapinda kichakani, akamfuata.

Fisi akanusa, akajinusa mwenyewe. Fisi akasikiliza, akasikia tumbo lake. Fisi akawaza, akachoka. Jiwe juu ya jiwe, akaliangusha kwa teke. Jani lililokunjwa, akalikanyaga. Penye mkwaruzo wa kuelekea mtoni, yeye akashika njia ya mlimani.

Buku akalitazama jua. Limeshuka. Kesho ni Alhamisi. Chini ya mkorosho aliona korosho zilizopukutika, na ili apate kupanda kisiki cha upande wa mtoni alihitaji mikono na miguu yote. Akasita. Kwa mara ya kwanza tangu amri itoke, akajaza mashavu. Akapanda hivyo, mchana kweupe, amevimba kama mgonjwa wa kufa. Fisi angegeuka, ngano hii ingeishia hapa. Juu ya kisiki akatema moja ikagonga jiwe, tok. Akatema ya pili, tok. Akatema ya tatu, tok.

"Kizibo hicho," Fisi akajisemea, akageuka kuelekea mtoni. Kwata, kwata, kwata.

Buku akateremka, akawahi matete ya kivukoni, akajibanza na Bi Kobe. Fisi akaliona buyu. Akavuka jiwe kwa jiwe mpaka katikati, akang'oa kizibo, tok. Harufu ya uboho ikamfika.

Akachukua kifundo kimoja, akakitia shavu la kulia. Kingalikuwa kimoja angalikivunja, angalikimeza, angalikwenda zake. Akatazama nyuma, hakuna mtu. Akatazama mbele, hakuna mtu. Akachukua na cha pili, akakisukumiza shavu la kushoto. Taya likakwama. Hawezi kutafuna, hawezi kumeza; labda kutema tu. Mashavu yakatuna, yakang'aa, yakawa kama vibuyu viwili vya mgema.

Ndi. Ndi. Ndi.

Bibi Ndovu akafika mtoni, akasimama mbali kwa urefu wa chatu mmoja, kama alivyoamuru mwenyewe.

"Mkaguzi," akasema, "umepatwa na nini mashavuni?"

Fisi akatikisa kichwa.

"Yanauma?"

Akatikisa kichwa.

"Au una kitu kinywani?"

Katika matete Buku alizuia pumzi. Fisi akifumbua kinywa sasa, amepona. Vifundo vitaanguka, chubwi, chubwi, vichukuliwe na maji, na kesho wajomba watakuja. Fisi akayatazama maji. Akamtazama Bibi. Akayatazama maji tena, na chozi likamtoka kwa kufikiria tu hasara hiyo.

Akatikisa kichwa.

"Basi ni maradhi," akasema Bibi. "Nenda pangoni."

Neno lililomkimbia Buku siku ya Jumatatu likamjia sasa. Akatoka matetini, akampa Mkaguzi pole, kisha akasema, "Bibi, mgonjwa hawezi kujifungia jiwe mwenyewe. Itabidi mlango aufungue mwingine, kisha aufunge."

Bibi akaliona hilo kuwa neno la busara. Akavunja tawi refu, akamtanguliza nalo Fisi taratibu mpaka pangoni, akaliviringisha jiwe.

Buku akaita jina la Digidigi. Kimya, jii. Akaita tena. Jii. Akawaza kwamba pengine wajomba wamekuja mapema. Akashindwa kuita mara ya tatu.

Ndipo kwato ikagonga mwamba, tok, na Digidigi akatoka kwenye mwanga akipepesa macho. Shavu lake la kushoto lilikuwa limetuna. Anacheua.

"Meza, dada," Buku akamnong'oneza. "Nakuomba kwa jina la mama yako, meza."

Akameza. Bibi Ndovu wakati huo alikuwa akitazama mawingu, kwa muda mrefu kuliko mawingu yalivyostahili.

Nungunungu akafuata. Bibi akamwuliza wenziwe wako wapi, naye akasema wote wamechukuliwa na wajomba. Bibi akaingiza mkonga katika tundu alimolala Fisi, kando ya mlango, akapapasa mpaka nyuma kabisa. Akagusa fupa, akagusa jingine, kisha akautoa mkonga taratibu. Alimwonyesha Fisi mlango tu, na Fisi akaingia, na jiwe likarudi mahali pake.

Mle gizani, penye faragha, Fisi alitema vifundo. Akavitafuna kimoja kimoja, kra, kra, mpaka vikaisha. Ndipo akapaza sauti kwamba amepona, mashavu ni mazima, waje waone.

Bibi akawageukia waliokuwapo, akauliza ni nani anayeyajua maradhi haya. Digidigi akasogea mbele, kwa urefu wa chatu mmoja.

"Uvimbe umeshuka kooni, Bibi," akasema. "Ukishuka kooni ndio hatari zaidi."

Bi Kobe akapewa kazi ya ukaguzi. Alikuwa mwaminifu mno: kila alichokabidhiwa kwa ajili ya mgonjwa alikifikisha, ila kilifika kimenyauka. Mwezi ulipoandama akaondoka kwenda kumfungulia Fisi. Mwezi ukaandama tena, bado yuko njiani. Na Buku tangu siku hiyo hadi leo, akijaza mashavu hutazama nyuma kwanza, akatazama mbele, ndipo akimbie.

Ngano hii yatufundisha nini? Yatufundisha kwamba wakati wa maradhi ni vema kukaa nyumbani na kuacha michezo ya vibuyu, kwa sababu mchezo ulimletea madhara makubwa Bwana Fisi. Yatufundisha pia kumheshimu mkaguzi, kutokucheua hadharani, na kuwakaribisha wajomba wanapokuja kututembelea.

Mimi kibuyu changu nimekiacha njiani na kizibo chake. Aliyekiokota achukue kimoja, aache kimoja.