Sahani ya Shija

Siku hiyo jikoni walikuwepo watu watatu. Kabula, mjane wa miezi minane. Mama mkwe wake, Bibi Nkwimba, aliyemzaa marehemu. Na wifi yake Holo, dada wa marehemu. Hakuwepo mwingine.

Kabula alikuwa na mume aitwaye Shija, mchoma matofali. Kila siku Shija alirudi saa kumi alasiri, amechoka, ana vumbi jekundu mpaka kwenye nyusi. Kabula alimpakulia kwanza, kama mama zetu walivyotufundisha, akaifunika sahani, isiguswe na mtu hadi mwenyewe afike.

Shija akafa. Katika msiba, kila Kabula alipoanza kulia walimwambia, "Jikaze, mama, kunywa uji." Walimpenda, ndiyo maana walimwambia hivyo. Akanyamaza, akanywa. Siku ya nne watu wakaondoka. Saa kumi ilipofika, mkono wake ukapakua sahani mbili kama ulivyozoea. Alikula yake akashiba. Akaitazama ile nyingine. Kuimwaga hakuweza. Chini ya mbavu alisikia shimo, akaliita njaa, akaila na hiyo sahani. Shimo likatulia kidogo. Kesho yake likarudi.

Ikawa hivyo kila siku. Mwili ukawa mzito, magoti yakauma, na kidonda kidogo mguuni kikakataa kupona. Muuguzi akampima, akamwambia sukari imepanda, na akiendelea hivyo mguu utakatwa. Kabula aliogopa. Asubuhi alijiapiza hatakula kitu. Alishinda na njaa na aibu, na saa kumi alikula kuliko jana. Alijichukia, na chuki nayo ilimchosha, na uchovu ukamrudisha kwenye sufuria.

Basi siku hiyo mama mkwe na wifi walikuja kumjulia hali. Holo alimtazama akacheka, maana mawifi hutaniana. "Wifi, wenzako wakifiwa hukonda. Wewe msiba umekunenepesha!"

Kabula alicheka pia. Akapakua chakula cha wageni, akapakua chake. Kisha akapakua sahani nyingine, akaifunika, akaiweka pembeni. Mkono ulikuwa umeshafanya kabla hajafikiri.

Bibi Nkwimba hakumkaripia. Hakuiondoa sahani. Alisogeza kigoda karibu naye, akauliza polepole, "Mwanangu, hiyo ni ya nani?"

Kabula aliitazama ile sahani.

"Ya Shija," akasema. "Nikiimwaga, mama, ndiyo amekufa."

Yule mama aliweka kijiko chini. Alikuwa amelia sana miezi ile, peke yake, shambani, asiwasumbue watu. "Amekufa, Kabula," akasema. "Kaa, tulie pamoja." Wakalia wote wawili, na safari hii hakuna aliyemletea mwenzake uji. Holo alisimama. Alichemsha maji, akatia chumvi kidogo, akapiga magoti, akamwosha wifi yake kidonda taratibu, akikipuliza kama cha mtoto.

Chakula kilipoa. Walipomaliza kulia, Kabula alikula sahani yake, tonge moja moja. Akagundua mboga haina chumvi ya kutosha. Kwa miezi minane alikuwa hajaonja kitu. Alipomaliza alisema ameshiba, na ilikuwa kweli. Ile ya pili walimpa mbwa wa jirani, na Kabula aligeuza uso asitazame.

Msidhani alipona siku ile. Shimo lilirudi kesho yake saa kumi, na keshokutwa, na mara nyingine alilishinda kwa kwenda kuketi kwa mama mkwe, na mara nyingine alishindwa akala. Aliposhindwa, Bibi Nkwimba hakumhesabia kosa. Alimuuliza tu, leo ulikuwa unamkumbukaje.

Nanyi wenzangu, mnaorudi kwenye sufuria mkiwa mmeshiba, hebu niwaulize: ile sahani ya pili ni ya nani?

Jumapili iliyofuata wale watatu walikwenda kaburini, wakang'oa majani hadi adhuhuri, wakarudi nyumbani wakiwa na njaa.