Kadi Zilifika kwa Wakati

Wapendwa, kabla sijaanza mahubiri niwape kisa cha mzee mmoja wa kanisa. Msianze kugeukiana. Si wa usharika huu, na msinifuate baada ya ibada kuniuliza ni wa wapi.

Mzee huyu alikuwa mtu wa mipango hadi mipango yenyewe ilikuwa inamwogopa. Ukimwalika saa nne, saa nne kasorobo yuko mlangoni kwako anatazama saa. Na kila Jumapili ndiye aliyekuwa akisoma matangazo kanisani. Sauti anayo, miwani anayo, daftari la matangazo kalibana kwapani. Akimaliza, hakuna aliyeuliza kasema nini.

Basi mwanawe Ambakisye akapata mchumba. Kijana alikuwa akifanya kazi mgodini, mbali, na waajiri wake walimpa likizo ya siku kumi tu, nyingine mpaka mwaka ujao. Ndani ya siku hizo kulikuwa na Jumamosi moja ya kufunga ndoa. Kesho yake asubuhi lazima awe ndani ya basi, kwa sababu Jumatatu anatakiwa kazini. Jumamosi hiyo ikipita, harusi ni mwaka mwingine.

Mzee akamwambia kwenye simu, "Mwanangu, wewe njoo na suti yako. Mengine yote niachie mimi."

Sasa, mzee alikuwa anaogopa kitu kimoja: kadi. Nanyi mnazijua kadi zetu! Harusi Jumamosi, kadi inafika Ijumaa jioni. Au yako umeletewa na bodaboda, ya jirani kapelekewa na mwenye shughuli mwenyewe, basi hapo unanuna miaka mitatu. Mzee akaapa, kwake hapana. Akateremsha kalenda ukutani, akaanzia Jumamosi ile, akahesabu kurudi nyuma. Wiki mbili za kugawa, mkono kwa mkono. Siku tatu za kuandika majina. Wiki moja ya kuchapa. Siku nne za kusahihisha, maana wachapaji hao anawajua. Na wiki nyingine ya akiba, umeme ukikatika. Kila siku akaizungushia kalamu nyekundu.

Siku ya duara la kwanza, duka la stesheneri lilipofunguliwa, mzee alikuwa kizingitini. Alichagua karatasi kwa kuipapasa na kidole gumba kama mtu anayenunua kitenge. Sampuli ilipokuja akaisoma kuanzia juu mpaka chini. Ule mstari uliosema ibada ya ndoa itafanyika katika kanisa letu saa nane mchana aliusoma mara nne, akaagiza usogezwe katikati kidogo. Mchapaji wa watu alikuwa anatoka jasho.

Jioni moja mkewe akamwuliza, "Baba Ambakisye, na kanisani umeshaandikisha?"

Mzee akacheka. "Kanisani? Mama, kanisani si nyumbani? Ufunguo wa ofisi ya usharika ninao mfukoni hapa. Ukumbi mtu mwingine anaweza kuuchukua, keki inaweza kuchelewa. Kanisa litakwenda wapi?"

Mama wa watu akarudi jikoni. Utabishana vipi na mtu mwenye kalenda?

Kadi zikatoka siku ile ile iliyopangwa. Nzuri! Bahasha zina utepe, majina yameandikwa kwa mwandiko wa kupendeza. Wiki mbili kamili kabla ya harusi, Jumamosi asubuhi, mzee akavaa koti, akabeba begi lake, akaanza kugawa. Na wa kwanza, kwa heshima zote, akawa Mchungaji.

Mchungaji akaipokea kadi kwa mikono miwili. Akasoma. Akarudia kusoma.

"Mzee wangu, hongera. Ila mimi nilidhani watoto wanafungia kule usharikani kwa bibi harusi."

"Hapana, Mchungaji, ni hapa hapa. Wewe ndiye unafungisha. Na hiyo kadi ni dabo, uje na Mama Mchungaji."

Mchungaji hakucheka. "Mzee, matangazo ya ndoa tunayasoma Jumapili ngapi kabla ya kufungisha?"

"Tatu," mzee akajibu upesi, kama mtoto wa kipaimara.

"Na anayesoma ni nani?"

"Ni mimi."

"Jina la Ambakisye ulilisoma lini?"

Wapendwa, mzee alifungua daftari lake pale pale. Jumapili iliyopita alitangaza ndoa tatu. Ile ya kabla yake, mbili. Watoto wa watu, kwa sauti yake mwenyewe, na kila mara alimalizia kwamba mwenye pingamizi aje aseme. Jina la mwanawe halimo. Alipekua tena, kana kwamba lingejitokeza. Akakaa bila kukaribishwa.

"Mchungaji, kadi mia mbili. Zina tarehe."

"Mzee wangu, kadi haifungishi ndoa."

"Kesho tunasoma, Jumapili ijayo tunasoma. Hiyo ya tatu si utusamehe tu?"

"Mwaka juzi yule fundi seremala alikuja na Jumapili mbili hivi hivi, analia. Katika baraza, aliyesema utaratibu ni utaratibu alikuwa nani?"

Mzee akainamisha kichwa. Alikuwa yeye. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto, na hata leo hajui alitokaje mle ofisini.

Kesho yake akasoma tangazo la kwanza la mwanawe, na sauti ile haikufika safu ya tatu. Jumapili ya pili akasoma la pili. Ambakisye alikuja na suti yake, akakaa siku zake, na Jumamosi ile mchana alishinda ameketi na mchumba wake sebuleni. Jumapili ya tatu, saa nne asubuhi, tangazo la tatu likasomwa. Ambakisye saa hiyo alikuwa ndani ya basi.

Naona mnamcheka mzee. Mcheke taratibu.

Huyu mzee alimkataa Mungu? Hata kidogo. Alimzoea. Mwenye ukumbi alimwendea mapema, kwa sababu angeweza kumwambia siku hiyo haipo. Mchapaji alimwendea mapema, mpishi kadhalika. Mungu akamwacha wa mwisho, kwa kuwa huyo ni wetu, huyo yupo tu. Halafu akamwendea na kadi.

Na sisi je? Kiwanja tumenunua, msingi tumechimba, nguzo zimesimama, ndipo tunakuja hapa mbele: tuombeeni. Kazi umeikubali, mzigo umefunga, ndipo unapiga magoti kuomba uongozwe. Uongozwe wapi, ndugu yangu, na tiketi iko mfukoni? Tunampelekea Bwana karatasi nzuri yenye tarehe tayari, tunamwambia karibu sana, utatubariki. Na akisema siku hiyo hapana, tunanuna. Mimi pia nimefanya hivyo, na si mara moja.

Kuna mtu hapa ameingia leo na jambo kubwa moyoni. Amelipanga, amelipangua, ndugu wote wanajua, rafiki wote wanajua. Nina swali moja kwako, nijibu kimya kimya hapo ulipoketi. Bwana ulimwuliza lini? Sisemi ulimwarifu lini. Kumwarifu sote tunamwarifu. Nasema ulimwuliza, ukanyamaza, ukangoja akujibu.