Nyumba Isiyodaiwa

Isome wewe kwanza ndipo uitume. Na ukiituma usianzie kwa marafiki. Anzia kwenye lile grupu la ukoo ambalo wanaume ndio huandika na wanawake hujibu "amina".

Palikuwa na mzee mmoja, fundi wa makabati, jina lake Zefania. Katika mji mdogo wa milimani alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma, chumba baada ya chumba. Kila kabati aliloliuza liligeuka ukuta. Mkewe, Mama Nakunda, ndiye aliyezimwagilia kuta zile maji asubuhi na jioni hadi saruji ikashika. Hilo watu hulisahau haraka. Mtu akisema "kwa Mzee Zefania", hakuna anayeuliza maji yalibebwa na nani.

Walijaliwa watoto watatu. Wa kwanza ni Nakunda, mshonaji wa sare za shule, ameolewa mtaa wa pili. Wa kati ni Anaeli, muuza vipuri vya pikipiki na msemaji wa kila harusi. Wa mwisho ni Gadi, dereva wa lori, ambaye hukubaliana na Anaeli hata kabla Anaeli hajamaliza kusema.

Katika mji ule kila mwenye nyumba hulipa kodi ya jengo kila mwaka. Ndiyo inayozibua mitaro na kuzoa taka za sokoni. Lakini tangu Mzee Zefania aingie uzeeni, nyumba yake haikulipiwa. Maafisa wa mji wakipita mtaani walibisha mlango wa kulia, wakabisha wa kushoto, ule wa katikati wakaupita wakimpungia mzee mkono barazani.

Majirani walishangaa. Anaeli hakushangaa. Yeye alikuwa na sababu tayari.

"Ile nyumba haiguswi," alijigamba kijiweni. "Meza anayoandikia mkuu wa mji imechongwa na baba. Kuna nyumba na nyumba, jamani."

"Kuna nyumba na nyumba," akasema Gadi.

Hawakuwahi kumuuliza baba yao. Kwa nini uulize jambo linalokupendeza?

Mzee Zefania akafariki. Baada ya matanga kikaitishwa kikao cha ukoo, na aliyeongoza alikuwa baba yao mdogo, Mzee Ombeni. Wanaume walikaa kwenye viti. Wanawake walikaa mkekani karibu na mlango wa jikoni, kwa sababu kikao hakiendi bila chai na chai haijipiki.

Mzee Ombeni akakohoa. "Nyumba ni ya vijana. Yaandikwe majina yao, Anaeli na Gadi, mambo yaishe. Mama yao atakaa humo hadi Mungu atakapomwita. Shemeji, una neno?"

Mama Nakunda akainua uso.

"Hana neno," akasema Mzee Ombeni. "Tuendelee."

Hapo Nakunda akanyoosha mkono kutoka mkekani.

"Baba mdogo, naomba niseme jambo moja kuhusu hiyo nyumba."

Kikao kikanyamaza. Wasichana mnaosoma hapa mnakijua kimya hicho. Si kimya cha kusikiliza, ni cha watu wanaotafuta nani aanze kucheka.

Akaanza Anaeli. "Si niliwaambia? Niliwaambia huyu atadai fungu!"

"Sijadai fungu. Nasema hivi, jina la..."

"Jina lako liko kwa mumeo, dada. Mahari yako tulishaila. Tena mbuzi mmoja alikuwa anachechemea na hatukulalamika!"

Wanaume wakaangua kicheko. Hata shangazi mmoja kule mkekani alicheka, na yeye mwenyewe alikuwa ameolewa kwa mbuzi wachache kuliko hao.

"Baba mdogo, sentensi moja tu."

"Mwanangu," akasema Mzee Ombeni, kwa ule upole unaouma kuliko tusi, "mwanamke aliyeolewa ni mgeni kwao. Mgeni hapangi vitanda vya wenyeji."

Nakunda akashusha mkono. Alimtazama mama yake, na mama yake akatazama sakafu. Basi akajifunga khanga vizuri, akatokea mlango wa jikoni, akaapa kwamba hatatia tena neno lake katika mambo ya nyumba ile, hata iwake moto.

Najua mtakachosema. Angepaza sauti! Haya, jaribuni nyinyi. Jaribuni kupaza sauti mahali ambapo kicheko kimeshatangulia kujibu.

Majina yakabadilishwa. Anaeli na Gadi wakawa wenye nyumba, na mama yao akaendelea kulala chumba kilekile, kitanda kilekile, bila kujua kwamba tangu siku hiyo analala kwa watu.

Mwaka ulipogeuka, notisi ya kodi ya jengo ikapenyezwa chini ya mlango. Mama Nakunda akamkabidhi Anaeli.

Anaeli aliisoma akiwa amesimama, akaikunja. "Hawa wanatafuta chai. Wameona mzee hayupo, wanatupima."

"Nenda kaulize, mwanangu."

"Mama, ukienda kuuliza umeshakubali kwamba unadaiwa. Baba aliwahi kwenda kuuliza?"

"Baba yako alikuwa..."

"Basi. Nami siendi."

Notisi ya pili ikaja na faini juu yake. Ya tatu haikuja kwa karatasi. Asubuhi moja maafisa wa mji walifika na kopo la rangi, wakapiga alama nyekundu ukutani, kubwa, inayoonekana kutoka barabarani.

Jioni ile Nakunda alikuja kumletea mama yake uji wa ulezi. Aliiona ile alama kabla hajaufikia mlango, na alielewa palepale kwamba ni ya nyumba inayongoja mnada, kwa sababu katika familia yote ni yeye na mama yake tu waliojua ofisi ya kodi ina milango mingapi.

Gadi alikuwa ameketi kwenye ngazi akichokonoa meno. "Ohoo, mke wa watu! Umekuja kukagua kuta zetu?"

Nakunda bado alikuwa nayo ile sentensi. Ilikuwa imekaa kooni tangu siku ya kikao, haijapungua hata neno.

"Nimekuja kumwona mama," akasema, akapita.

Alisema moyoni: waache. Waache wadaiwe mpaka waje kwangu wenyewe, wapige hodi, waniulize, "Dada, siku ile ulitaka kusema nini?" Hakutaka fungu wala hakutaka chumba. Alitaka aulizwe.

Kesho yake Anaeli alinunua rangi ya maziwa, akaupaka ukuta wote wa mbele. Alama ikazama. Nyumba ikapendeza, majirani wakaisifu, na Anaeli akapiga picha akaiweka kwenye simu. Deni halikupakwa rangi. Lenyewe liliendelea kukua kule lilikoandikwa.

Hakuna aliyepiga hodi kwa Nakunda.

Siku ya mnada dalali alifika asubuhi na kipaza sauti. Watu walidhani ni tangazo la chanjo. Kabla jua halijapanda sana nyumba ilikuwa imeshapata mwenyewe mwingine, bwana mmoja mgeni mwenye adabu sana, ambaye alimpa Mama Nakunda pole, akamsaidia kubeba sufuria zake hadi nje ya geti. Mama wa watu alikaa juu ya godoro lililokunjwa, kando ya mtaro ambao kodi ya wengine ilikuwa imeuzibua, akauliza kila aliyepita, "Anaeli yuko wapi?"

Anaeli alikuwa ofisi ya kodi, anapiga meza. Gadi alikuwa nyuma yake.

"Baba yangu hakulipa hapa hata senti! Hata senti moja! Leo sisi mtuuzie nyumba?"

Afisa aliyewapokea alikuwa mama wa makamo. Hakupandisha sauti.

"Ni kweli baba yenu hakulipa. Hakulipa kwa sababu hakudaiwa."

"Si ndiyo nasema! Baba alikuwa mtu wa heshima!"

"Heshima haina msamaha hapa, kijana. Uzee ndio una msamaha. Sheria ya mji wetu ni kwamba mzee anayeishi katika nyumba yake mwenyewe hadaiwi kodi ya jengo, ila lazima aandikishwe. Dada mmoja mshonaji alikuja na wazazi wake akaandikisha. Kila mwaka alirudi kuthibitisha kwamba mzee yu hai na bado anaishi pale."

Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Gadi alimtangulia kaka yake kusema.

"Nakunda," alisema.

Anaeli akaacha kupiga meza. "Lakini mama yetu naye ni mzee. Na anaishi mlemle."

"Mzee, ndiyo. Anaishi humo, ndiyo. Nyumba ni yake?"

Gadi akamtazama Anaeli.

"Mngeandika jina lake yeye, msingedaiwa hata shilingi kwa muda wote wa uhai wake. Mlidhani msamaha uko kwenye kuta. Ulikuwa kwa mtu."

"Basi tubadilishe! Tubadilishe leo, tuandike la mama!"

Yule afisa alimtazama kwa huruma. "Mtabadilisha nini, mwanangu? Nyumba si yenu tena."

Dalali alikata deni, akakata faini, akakata gharama zake. Kilichobaki hakikutosha kununua hata kiwanja cha bondeni.

Jioni wakaenda kwa Nakunda, kwa sababu mama yao alikuwa ameshafikishwa huko. Walimkuta ameketi kwenye godoro kati ya cherehani na marobota ya vitambaa vya sare. Nakunda alikuwa sakafuni miguuni pake. Anaeli hakuingia. Alisimama mlangoni, msemaji wa kila harusi, akitafuta neno la kuanzia.

"Dada," akasema mwishowe, "siku ile kikaoni ulitaka kusema nini?"

"Unajua sasa."

"Nataka nikusikie wewe."

"Nilitaka kusema: andikeni jina la mama."

"Hilo tu?"

"Hilo tu."

Anaeli akashika fremu ya mlango. "Ungepiga kelele, Nakunda. Ungenipiga hata kofi."

"Na ningepiga kelele ungesema nini?"

Akafikiri. Nampa haki yake, safari hii alifikiri kweli. "Ningesema, mnaona? Nilijua atadai fungu."

Ungetegemea Nakunda afurahi. Ameulizwa, hatimaye. Kaka yake yuko mlangoni kwake kama alivyoomba. Lakini alikuwa analia.

"Ile alama niliiona," alisema. "Niliiona kabla hujaipaka rangi. Nilijua maana yake, nikampita Gadi pale kwenye ngazi, nikaingia, nikamnywesha mama uji. Nilitaka mje. Nilikuwa nawasubiri nyinyi, na aliyekuwa anasubiriwa na mnada ni mama."

Gadi aliketi chini palepale kizingitini, akajifunika uso.

Ndipo Mama Nakunda, ambaye alikuwa hajasema neno tangu afike, akasema.

"Msigawane hili bila mimi. Mlishagawana mengi bila mimi. Ile sentensi na mimi nilikuwa naijua. Ni mimi niliyemshika baba yenu mkono kwenye ngazi za ile ofisi. Baba yenu mdogo aliponiuliza kama nina neno, nilikuwa nalo mdomoni, limeshaiva. Akanijibia. Nikaona aibu kumsahihisha shemeji yangu mbele ya watu na mume wangu hata kaburi halijakauka."

Akapapasa ukingo wa godoro.

"Niliona aibu, wanangu. Aibu yenyewe ilikuwa ya muda wa kupiga chafya tu. Ingepita. Watu wangenishangaa, wangekunywa chai yao, wangeondoka, na mimi leo ningekuwa nafunga dirisha la chumba changu."

Nakunda aliinuka, akalisogeza robota moja, akasogeza la pili, ili mama yake apate mahali pa kunyoosha miguu.

Funzo: Usimzibe mtu mdomo kwa kudhani anadai fungu, huenda amekuja kukulindia lako. Na wewe mwenye nyumba, usijivunie kutodaiwa kabla hujajua ni kwa nini hudaiwi, kwa jina la nani, na jina hilo likifutwa ni nani atakayelala nje.