Maiti Aliyechungulia

Tulieni kidogo, ndugu zangu. Mwenye mtoto amnyonyeshe kabisa, maana mfano huu nimeutunga mwenyewe, na upande huu wa mto sijamwona mhubiri mwenye mfano mtamu kuushinda.

Kulikuwa na msichana mmoja wa kidato cha pili aliyejiunga na chama cha maigizo shuleni. Alitaka kuwa malkia. Mwalimu akampa kuwa maiti! Kazi yake ilikuwa kulala kitandani katika onyesho la mwisho, shuka hadi kifuani, huku msichana wa kidato cha tatu, aliyeigiza mama mfiwa, akimlilia. Na nyumbani alisemaje?

"Mama, nimepewa sehemu kubwa. Jukwaa zima linanizunguka!"

Je, alidanganya? Hata kidogo.

Siku ya mashindano mamake akaja na kitenge kipya, akaketi mbele. Mfiwa akaanza kuomboleza, watu wakaanza kulainika, na maiti wetu akashikwa na hamu: mama ananiona kweli? Akafungua jicho moja. Wapendwa, ukumbi uliangua kicheko hadi mwamuzi akaangusha kalamu. Shule ikarudi mikono mitupu.

"Wewe," mwalimu akafoka, "kazi yako ilikuwa kufa tu, nayo imekushinda?"

"Mwalimu, mwakani nipe sehemu ya kusema. Nitaiweza."

"Aliyeshindwa kunyamaza atasemaje? Mwakani utakufa tena. Ukichungulia, chamani utoke."

Akalia weee, kisha akapangusa uso. Tangu hapo hakukosa mazoezi, akafika mapema na kukaa hadi mwisho, ingawa sehemu yake ilikuwa mwishoni tu. Akajua ni wapi wale walioigiza majirani wanapiga mayowe, akawa anavuta pumzi hapo, macho ya watu yakiwa kwao. Akajifunza kupumua kwa tumbo polepole, shuka isicheze. Wakati wa mapumziko alijilaza kwenye benchi, wenzake wakimchokoza: "Marehemu, fufuka, githeri imeiva!" Hakutikisika, hata inzi alipomkagua pua kama mnunuzi wa ng'ombe.

Mashindano yakarudi. Mama naye akarudi, maana mama hachoki. Mfiwa akapiga magoti, akaushika mkono wa maiti, akaukuta mzito, umelegea, hauna mwenyewe. Kilichomtoka hapo hakikuwa maneno ya mwalimu, kilikuwa kilio. Ukumbi mzima ukalia naye. Mwamuzi akavua miwani.

Sasa niambieni, kikombe cha mwigizaji bora alipewa nani? Mfiwa!

"Haki iko wapi?" mama akang'aka. "Mwanangu amekufa vizuri vile, hata kijiko hakupewa!"

Mara mfiwa akaja, kikombe kwapani, macho yamevimba.

"Mdogo wangu, mwaka jana nilijipaka kitunguu ili nilie. Leo nimeushika mkono wako, nikasahau kwamba tunaigiza."

Msichana akamgeukia mamake, uso umenawiri. "Umesikia, mama? Mimi ndiye niliyemliza."

Haya, tuje kwetu sisi. Mlidhani nasema habari za wanafunzi? Nasema habari za benchi lile la nyuma! Mnanong'ona kwamba siku hizi mahubiri yangu yamepoa. Sawa. Na nyinyi mnasikilizaje? Huyu anatazama saa, yule anahesabu kofia za akina mama. Sote twataka kushika kipaza sauti, na sehemu ndogo tukipewa twaifanya nusu nusu, tukingoja kubwa.

Ndugu zangu, ukiitwa msibani na kazi yako ni kuketi tu, basi keti, uketi kabisa. Ukipewa kuitikia amina, itikia kama mtu aliyesikia alichoombewa. Kikombe wakipeleke wanakotaka. Furaha ipo, na ni nyingi, kwa mtu anayejua kwamba mwenzake ameweza kwa sababu yeye alikuwepo.

Basi mtazame aliye kando yako, anayejitahidi kusali. Wewe unamsaidia kuamini, au umemwacha aigize peke yake?