Jina la Kwanza kwenye Makala ya Kupe

Chiku alishinda mazizini akibandua kupe kwenye ng'ombe mpaka akapata dawa ya kuwaua kupe hao. Mkuu wake, Profesa Rwegoshora, kupe alimwona pichani tu, lakini makala ilipokamilika akaagiza: "Jina langu litangulie, la sivyo haichapwi."

"Litangulie, Mzee," alijibu Chiku.

Makala ikachapwa. Siku moja Chiku akaingia kikaoni anahema. "Profesa, watu wa wizara wako mlangoni! Wanamtaka aliyegundua ile dawa."

"Kwani kuna ng'ombe wamekufa?"

"Sijui, ila hawacheki."

Profesa akainuka, jasho linamtoka, akapaza sauti. "Mimi sikugusa hata kupe mmoja! Nyote mashahidi, kazi yote kaifanya huyu mwanamke!"

Chiku akafungua mlango. "Karibuni, jamani. Mmesikia wenyewe tuzo mmpe nani."